Saa mbili ya nani? Kisa cha redio ya jamii iliyotafuta programu ya kuendesha matangazo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya kituo chenyewe. Jina la redio, wilaya, masafa na majina ya watu nimeyaondoa. Mimi nilikuwa fundi niliyeitwa kushauri, na sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Kituo chenyewe

Ni redio ya jamii katika wilaya moja ya pwani ya Tanzania. Studio iko kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na paa la bati, hivyo mvua ikinyesha mtangazaji hulazimika kuweka wimbo na kungoja. Mnara uko kilimani, kilomita chache kutoka hapo, na sauti hufika kwa linki, yaani mtambo mdogo wa redio unaoipeleka kutoka studio hadi mnarani. Wafanyakazi wa kudumu ni wanne. Wengine tisa ni wa kujitolea, na hupewa nauli pesa inapopatikana.

Pesa hiyo hutoka kwenye matangazo ya vifo, salamu, maduka ya vifaa vya ujenzi, na vipindi vinavyodhaminiwa na asasi kuhusu malaria, mikoko na elimu ya wasichana. Hakuna mwezi ambao kituo kilikuwa na pesa ya kutupa.

Redio ilikuwa ikifungua saa 11 na nusu alfajiri na kufunga saa 5 usiku. Meneja alitaka isikike saa 24, na sababu yake ilinishawishi mara moja. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na redio ndogo humo chomboni ndiyo mwenzao. Saa 5 ikifika walihamia kituo kikubwa cha mbali, na asubuhi hawakurudi. Kituo kilikuwa kinapoteza wasikilizaji kwa sababu tu fundi mitambo ni mmoja na lazima alale.

Kilichovunjika kwanza

Kompyuta ya hewani, ile inayocheza nyimbo na matangazo kwa ratiba, ilikuwa inatumia programu ya kulipia iliyovunjwa ulinzi wake. Ililetwa kwa flashi miaka mitatu nyuma na rafiki wa kituo jirani. Ilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililowafanya wasahau kwamba si yao.

Jumapili moja mchana, katikati ya kipindi kilichodhaminiwa, programu ya kuzuia virusi ililitambua faili lililotumika kuvunja ulinzi kuwa ni kirusi, ikalifuta. Programu ya matangazo ikagoma kufunguka. Redio ilikaa kimya dakika 47, mpaka fundi alipoitwa kutoka harusini akaja kuunga simu yake kwenye mixa, ile meza ya kuchanganya sauti, ili muziki usikike. Mdhamini hakulipia kipindi kile. Nilipoichunguza kompyuta baadaye nilikuta kinga haikukosea: faili lile lilikuwa limebeba kirusi kweli, na kilikuwa kimeshaingia kwenye kila flashi iliyochomekwa hapo.

Bodi ikatenga shilingi 2,500,000 kwa kila kitu, yaani programu, mashine na mafunzo. Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

Siku mbili za daftari

Nilikuta swali limeshaandaliwa: ni programu ipi ya bure iliyo nzuri? Nikaomba tuliweke kando kwa siku mbili. Nilitaka tuandike siku ya kituo, alfajiri hadi alfajiri, kila kinachotoka hewani na nani anakiamua. Wengine waliona nawachelewesha. Leo ningeomba siku nne.

Jambo la kwanza lilitoka kwa mtangazaji wa asubuhi, mama wa makamo ambaye kila mtu pale humwita Bi Mkubwa. Nilikuwa naonyesha jinsi programu hizi zinavyopangwa kwa saa, nikaandika 20:00 ubaoni, taarifa ya habari. Akaniuliza: "Mwanangu, hiyo saa ishirini ni saa ya nani?" Nikamwambia ni saa mbili usiku. Akasema, basi andika saa mbili. Nikamweleza kwamba nikiandika saa mbili, mashine itaelewa saa nane usiku. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba vijana wote wa zamu watakosea hapo. Niliandika maneno yake kwenye daftari, lakini sikuyapa uzito uliostahili, na kituo kililipia uzembe wangu huo.

Jambo la pili lilikuwa siku yenyewe. Kwa wenyeji wa pwani, usiku hutangulia mchana: usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza jua la Alhamisi likizama. Mdhamini wa kipindi cha kasida alikuwa ameandika "kila usiku wa Ijumaa", na kijana mmoja wa kujitolea aliyekulia bara alikuwa ameuweka kwenye rasimu ya ratiba siku ya Ijumaa baada ya Isha. Kwa kompyuta hiyo ni sahihi kabisa. Kwa mdhamini ingekuwa kipindi kimepita jana. Hili tulilinasa mapema kwa kuwa tu daftari lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote.

La tatu ni matangazo ya vifo. Huku mtu akifariki asubuhi, maziko mara nyingi ni siku hiyohiyo, baada ya Adhuhuri au Alasiri. Ndugu huja studio na karatasi, au hupiga simu, na tangazo likikaa saa mbili bila kusomwa halina maana tena. Kwa hiyo programu yoyote tutakayochukua lazima ikubali kukatizwa na mtu yeyote wa zamu, kwa kitufe kimoja, kisha irudi kwenye ratiba bila kuruka tangazo la biashara linalofuata. Kigezo hiki sijawahi kukikuta katika orodha yoyote ya kulinganisha programu za redio, nasi tulikiweka juu ya vingine vyote.

La nne ni adhana. Wakati wa Magharibi husogea kila siku. Kwa mwaka mzima, katika latitudo yetu, tofauti hupita nusu saa. Tukio lililofungwa kwenye saa isiyobadilika haliwezi kulibeba jambo hilo. Linahitaji jedwali la kila mwezi.

Mengine yalikuwa ya kawaida lakini ya kusumbua. Nusu ya matangazo hufika kama sauti ya WhatsApp, ambayo ni faili la aina ya opus, na programu nyingi za redio hazilichezi hivyohivyo. Kila jioni kituo hujiunga na idhaa ya kimataifa ya Kiswahili kupitia intaneti, na intaneti hukatika. Nyimbo zilikuwa mafaili 3,100 katika diski moja ya nje, zaidi ya 600 yakiwa yamejirudia. Na kwa ajili ya mirabaha ya wasanii, na kwa ajili ya mamlaka ya mawasiliano ikiuliza, kituo lazima kiweze kuonyesha kilichorushwa na lini kilirushwa.

Programu zilizowekwa mezani

Za kulipia zilitoka mapema. Bei tulizoandikiwa kwa zile zinazotumiwa na vituo vikubwa zilizidi bajeti yote, na nyingine zilitaka malipo ya kila mwezi kwa kadi ya benki ambayo kituo hakina. Niliwaambia pia kwamba kurudi kwenye iliyovunjwa si njia ya akiba. Hapakuwa na ubishi. Dakika 47 zile zilikuwa bado zinauma.

Zikabaki tano.

ZaraRadio, iliyotengenezwa Hispania, ni nyepesi kuliko zote. Haihitaji hifadhidata, yaani programu ya pembeni ya kutunza orodha na taarifa: unaionyesha folda, unaweka matukio ya saa fulani, inacheza, hata kwenye kompyuta ya zamani. Lakini toleo lake la bure limebaki la zamani, na kwa kupanga nyimbo ili msanii mmoja asirudi baada ya dakika kumi, haitoshi.

LibreTime ilizaliwa mwaka 2017 kutokana na programu iliyoitwa Airtime. Hutumika kwa kivinjari na hupanga vipindi kwenye kalenda, jambo zuri kwa kituo ambacho watu wake huandaa vipindi wakiwa mbali. Sisi tulihitaji mtu aliyekaa mbele ya mixa abonyeze kitufe cha tangazo la kifo sasa hivi. Nguvu ya LibreTime haiko hapo.

PlayIt Live, ya Uingereza, ina sura safi na msingi wake ni bure, ila baadhi ya nyongeza hulipiwa. Vijana waliipenda kuliko zote siku ya kwanza.

RadioDJ hutumia Windows na huweka taarifa zake kwenye hifadhidata ya MariaDB au MySQL. Ni bure, anayetaka huchangia. Ina kanuni za kuzuia wimbo au msanii kurudi mapema, ina matukio ya saa na ya siku, na kompyuta zaidi ya moja zinaweza kutumia hifadhidata moja.

Rivendell ndiyo niliyokwenda nayo moyoni. Hutumia Linux, ni programu huria chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuifungua na kuirekebisha, na imejengwa kwa kazi ya redio tangu mwanzo: kila sauti hupewa namba yake, na maktaba, upangaji wa ratiba, kunasa idhaa nyingine kwa saa maalumu na kurusha hewani, kila kimoja kina dirisha lake. Niliamini kwamba kituo kilichoumizwa na virusi vya flashi kinastahili Linux. Bado naamini hivyo.

Majaribio, na kijana aliyeondoka

Tuliondoa ZaraRadio na LibreTime kwa mazungumzo. PlayIt Live tuliiacha baada ya siku nne, kwa kuwa vitu tulivyovihitaji kwa matangazo ya biashara vingetupeleka kwenye nyongeza, na bodi haikutaka gharama nyingine hata iwe ndogo. Zikabaki mbili, tukazifunga kwenye kompyuta mbili zilizotumika tulizonunua, pembeni ya studio, sauti ikienda kwenye spika na si mnarani.

Kila moja ilipitia mambo manne. Tulichomoa waya wa umeme wimbo ukiwa katikati, tukapima muda mpaka muziki urudi bila mtu kugusa kitu. Kwanza ilibidi tuingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta yenyewe, na kuiamuru kompyuta iwake yenyewe umeme unaporudi. Tukampa Bi Mkubwa tangazo la kifo la kubuni bila kumwonya. Tukaingiza wiki nzima ya matangazo ya biashara. Na tukaiacha usiku kucha.

Zote mbili zilifaulu umeme na zilifaulu usiku. Rivendell ilinifurahisha sana pale Bi Mkubwa alipobonyeza kitufe kimoja kikubwa kwenye skrini, akasoma tangazo lake, akabonyeza tena, na ratiba ikaendelea kama hakuna aliyeigusa. Nilishaandika pendekezo: Rivendell.

Hesabu moja ilitusumbua kidogo. Tulitaka kuhifadhi sauti bila kuzibana, na dakika moja ya stereo ya biti 16 kwa 48 kHz ni takriban megabaiti 11.5. Wimbo wa dakika nne hufika megabaiti 46. Nyimbo 2,500 ni zaidi ya gigabaiti 110. Diski ilitosha, ila nakala ya akiba ingehitaji diski ya pili ya ukubwa huo, na nyimbo zenyewe zilikuwa MP3 tangu zilipoingia kituoni. Kuzifungua hadi ukubwa huo hakuongezi ubora uliokwisha kupotea. Hilo lilitatulika.

Lililobaki lilikuwa la mtu. Kijana wa kujitolea aliyeelewa Linux alikuwa mmoja. Alijifunza haraka, alikuwa anakuja hata siku isiyo yake, na wenzake wote walikuwa wanamuuliza yeye badala ya kuniuliza mimi. Wiki ya tano ya majaribio alipata ajira Dodoma. Tulimpongeza kwa dhati; alikuwa ameingoja miaka miwili. Jumatatu iliyofuata nikaomba mtu yeyote aingize tangazo jipya kwenye kompyuta ya Rivendell huku mimi nimekaa nyuma bila kusema neno. Hakuna aliyeweza. Nikaomba hivyohivyo kwenye kompyuta ya RadioDJ, waliyokuwa wameichezea kwa wiki mbili tu. Watatu waliweza.

Uamuzi

Tukachukua RadioDJ. Nilieleza bodi tunachopata na tunachokosa. Rivendell ni huria: hata walioianza wakiiacha, wengine wanaweza kuiendeleza. RadioDJ ni bure lakini si huria, na siku mtengenezaji wake akichoka hatuna haki ya kuufungua moyo wake. Kwa hiyo niliweka sharti: kila mwezi orodha yote ya nyimbo na matangazo itolewe kwenye faili la maandishi ya kawaida ambalo programu yoyote inaweza kulisoma, na mafaili ya sauti yabaki kwenye folda zenye majina ya kueleweka.

Matumizi yalikwenda hivi. Kompyuta mbili zilizotumika, shilingi 900,000. Diski mbili za SSD za mfumo, 120,000. Diski ya nje ya akiba, 180,000. Kadi ya sauti ya USB, 350,000. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, 650,000. Swichi na nyaya za mtandao, 100,000. Chakula na nauli za siku nane za mafunzo, 200,000. Programu, sifuri. Bajeti iliisha yote, na hakuna hata senti iliyokwenda kwenye kitu kilichoanzisha mazungumzo.

Kadi ya sauti ya pekee iliwashangaza wajumbe wawili. Nilieleza kwamba bila hiyo, mlio wowote wa kompyuta, ujumbe umeingia au flashi imechomekwa, hutoka hewani pamoja na taarifa ya habari. Sauti ya programu ikipewa mlango wake, milio hiyo hubaki kwenye spika ndogo.

Kompyuta ya pili tuliiweka pacha ya ile ya hewani, nyimbo zilezile, hifadhidata ikinakiliwa kila usiku saa 8. Intaneti iliondolewa kwenye kompyuta ya hewani, isipokuwa dakika za kujiunga na idhaa ya nje. Flashi zikapigwa marufuku humo. Kila faili hupitia kompyuta ya uhariri, husafishwa, sauti ya WhatsApp hugeuzwa kwa programu ya kuhariri sauti ya Audacity, na kila kitu husawazishwa kwa kiwango kimoja cha -18 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika, ili tangazo la saruji lisimpigie kelele mtu aliyekuwa anasikiliza taarabu.

Na usiku, badala ya kifaa cha kugundua kimya ambacho bajeti haikukifikia, mlinzi alipewa redio ndogo ya betri na namba tatu za simu. Redio ikinyamaza kwa muda wa kuhesabu hadi sitini, apige.

Miezi kumi ya kwanza

Wiki ya pili tu, kompyuta ilijizima saa 4 asubuhi ili kujisasisha, mtangazaji akiwa katikati ya mahojiano na mkunga wa kituo cha afya. Kosa letu: tulikuwa tumesahau kuzuia masasisho, na dakika zile chache za intaneti zilitosha kuyashusha. Pacha ilichukua nafasi ndani ya dakika mbili. Tangu hapo masasisho hufanywa kwa mkono, Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwenye pacha kwanza.

Mwezi wa tatu likaja lile alilolisema Bi Mkubwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alilipia tangazo la siku kumi na moja, saa 2 na nusu usiku, mara tu baada ya habari. Kijana wa zamu aliingiza 02:30. Siku kumi na moja tangazo lilitoka saa 8 na nusu usiku, wakati wasikilizaji ni wavuvi na mlinzi wetu. Mteja alikaa kila jioni na redio yake asisikie kitu. Alipokuja kulalamika, mhasibu alichapa orodha ya programu na kumwonyesha kwamba tangazo limerushwa mara kumi na moja. Mteja akasoma saa. Ndipo naye mhasibu akaisoma.

Kituo kilirudia tangazo bure, siku zote kumi na moja. Kilichoniuma ni ile dakika ambayo karatasi ya mashine ilitumika kumkanusha mtu mzima aliyesema kweli. Kwa mteja yule, neno la kituo lilipungua bei siku ile.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Fomu ya kupokea matangazo sasa ina nafasi mbili za saa. Ya kwanza hujazwa na mteja kwa saa yake, kwa maneno: saa mbili na nusu usiku. Ya pili hujazwa na anayepokea, kwa saa ya mashine: 20:30. Mtu wa tatu, asiyekuwa yeye, ndiye anayeingiza kwenye kompyuta, na nafasi mbili zisipokubaliana haingizi. Juu ya skrini kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono, saa zote 24 kwa majina yake, saa 12 asubuhi mkabala na 06:00, saa 6 usiku mkabala na 00:00.

La Ramadhani lilikuwa zito zaidi.

Usiku mmoja umeme ulikatika kama saa 7. UPS ilishikilia kwa dakika arobaini, jenereta haikuwa na petroli, kompyuta ikazimika. Mlinzi alisikia kimya, akapiga simu zote tatu, hakuna aliyeamka. Umeme uliporudi alfajiri kompyuta iliwaka yenyewe kama tulivyoiamuru, lakini betri ndogo ya ubaoni, ile CR2032 inayotunza saa, ilikuwa imekufa, na saa ilirudi 1 Januari ya mwaka wa zamani. Programu iliangalia tarehe, haikukuta ratiba, ikaanza kucheza muziki tu. Intaneti haikuwepo asubuhi ile ili saa ijisahihishe. Mtangazaji wa zamu alifanya alichofundishwa, akairekebisha kwa mkono. Aliangalia saa ya ukutani.

Saa ya ukutani ya studio ilikuwa mbele kwa dakika nne. Imewekwa hivyo miaka mingi, makusudi, ili watangazaji wasichelewe. Wote walijua, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kulisema, hata katika zile siku mbili za daftari.

Siku nzima matangazo yalitoka dakika nne kabla, na hakuna aliyehisi. Jua lilipokaribia kuzama, adhana ya Magharibi ikalia dakika nne kabla ya wakati, na katika wilaya nzima watu waliokuwa na tende mkononi wakafuturu.

Imamu wa msikiti wa jirani alifika akiwa amepanda bodaboda. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba watu walikuwa wameiamini redio kwa jambo lisilo la redio. Meneja alikwenda msikitini jioni ileile kabla ya tarawehe, akaomba radhi amesimama, na tangazo la kuomba radhi likarudiwa hewani usiku na asubuhi. Mambo ya kisheria ya saumu masheikh waliyaeleza wenyewe.

Betri mpya mbili ziligharimu chini ya kile ambacho kituo hulipa kwa chai ya siku moja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni pacha. Nimeona vituo vinavyotumia bajeti yote kununua kompyuta moja mpya yenye nguvu. Programu hizi hazihitaji nguvu hiyo. Mbili za zamani zinazofanana zimekiokoa kituo hiki mara nne kwa hesabu yangu, na watu waliacha kuiogopa mashine walipojua kuna nyingine iliyo tayari.

Jaribio la kukaa nyuma kimya lilinifundisha kuliko majedwali yangu yote ya kulinganisha. Nilikuwa nimeipima Rivendell kwa uwezo wake na kwa uwezo wa kijana mmoja, nikadhani nimekipima kituo. Kama kijana yule angepata kazi miezi miwili baadaye, tungekuwa tumeshahama na hakuna ambaye angeweza kuingiza tangazo. Kwa kituo chenye watu wawili watatu wa Linux waliokaa, bado ningependekeza Rivendell bila kusita. Pia kosa si la kijana kuondoka; redio za jamii ni shule, na watu wake huondoka.

Mlinzi na redio yake ndogo walifanya kazi yao. Simu tatu hazikupokelewa. Sasa kuna zamu ya simu ya usiku yenye posho ya muda wa maongezi, na petroli ya lita tano imefungiwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao mlinzi.

Kuhusu saa, nakubali lawama yangu. Daftari lilikuwa na swali la Bi Mkubwa kwenye ukurasa wa kwanza. Nililichukulia kama jambo la mafunzo, kwamba watu watazoea kuandika 20:30. Lilikuwa jambo la fomu. Mtu aliyeishi miaka hamsini akihesabu saa kuanzia mawio hahitaji kubadilishwa na programu iliyotengenezwa Ulaya. Karatasi iliyo kati yao ndiyo inayotakiwa kubeba tafsiri, na karatasi hiyo ningeweza kuichora siku ile ile ya kwanza.

Adhana tuliitoa kwenye programu. Jedwali la mwezi huletwa na msikiti na kubandikwa juu ya mixa. Programu huacha nafasi ya dakika kumi yenye muziki laini wa ala, na mtangazaji wa zamu, akiangalia saa ya simu, hubonyeza mwenyewe. Vijana walipendekeza tuirudishe kwenye mashine sasa kwa kuwa betri ni mpya na saa ya ukutani imerekebishwa. Meneja alikataa, nami nikamuunga mkono. Tangazo la saruji likikosea dakika nne linarudiwa kesho. Matangazo ya vifo nayo yamebaki ya kubonyeza kwa mkono, na Bi Mkubwa huyasoma yote ya zamu yake mwenyewe, hata yale yaliyokuja yamerekodiwa.

Wavuvi wamerudi. Tunajua kwa salamu: zinazotumwa kwa ujumbe kati ya saa 6 na saa 10 usiku husomwa alfajiri, na kuna vyombo ambavyo majina yao mtangazaji ameshayazoea.

Ambalo halijakamilika ni kumbukumbu ya sauti. Programu huandika kilichochezwa, lakini haiandiki alichosema mtangazaji, na kurekodi saa 24 kunahitaji diski ambayo bodi bado haijaitengea pesa. Kwa sasa hurekodiwa vipindi vya habari na mijadala tu, kwenye pacha. Lile faili la kila mwezi la orodha linatolewa bila kukosa na binti wa kujitolea aliyechukua nafasi ya kijana wa Dodoma. La mwezi uliopita lina mistari 2,614, na amelifungua mbele yangu kwenye programu nyingine kuhakikisha linasomeka.